Viazi Katika Chumba cha Wageni

Nilipokodi shamba kaskazini mwa mji wa Blaine, huku Marekani kwenye baridi kali, ili nilime viazi vitamu vya kuuza, wanawake wenzangu kanisani walicheka waziwazi. Mimi ni nesi, mzaliwa wa Kakamega, nimekua nikila viazi hivyo kwa chai ya asubuhi. Huku, waliniambia, udongo haupati joto la kutosha. Nikatandaza plastiki nyeusi juu ya matuta ili yashike jua, nikapanda mwanzoni mwa Juni. Waliokuwa wakicheka wakaendelea kucheka.

Mwishoni mwa Septemba redio ikatangaza kwamba jalidi inakuja, ile barafu nyembamba inayounguza majani. Mimi na mume wangu tukavichimba vyote kabla haijafika, vidole vimekufa ganzi. Kazi haikuishia hapo. Kiazi kikitoka tu ardhini, ngozi yake huchubuka kwa kuguswa, na ndani hakijakolea utamu. Kinataka wiki nzima ya joto na unyevu kama wa Mombasa. Kwetu chumba kisicholaliwa na mtu kilikuwa kimoja tu, cha wageni. Nikatoa kitanda, nikapanga makreti hadi dirishani, nikawasha hita na kuweka mabeseni ya maji moto.

Kesho yake mume wangu akakumbuka kwamba kaka yake mkubwa anakuja kutoka Dallas.

"Atalala wapi?"

"Sebuleni."

"Kaka yangu? Kwenye kochi?"

"Yeye akisikia baridi atajifunika blanketi. Viazi je?"

Shemeji alifika, akafungua ule mlango, mvuke ukamfunika miwani. Akaifuta polepole kwa shati.

"Shemeji, tulivuka bahari yote hii ili turudi kwenye jembe?"

"Hakuna aliyekuomba ulishike. Funga mlango, joto linatoka."

Akaenda kulala hotelini, mji wa jirani wa Maple Grove. Mume wangu alininunia mpaka kaka yake alipoondoka. Iliniuma, kwa sababu shemeji ndiye aliyetupokea tulipofika nchi hii. Lakini kila nilipotoka shifti nilibadilisha maji ya mabeseni kabla sijavua koti, na sikuondoa kreti hata moja.

Wiki ilipokwisha nikavipeleka viazi kwenye duka moja la Kiafrika, mjini Brooklyn Center. Mwenye duka hakutaka hata kuvitazama.

"Vya huku vitakuwa maji matupu."

Nikarudi nyumbani, nikachemsha sufuria nzima, nikaifunga kwa taulo, nikaja kuitua juu ya kaunta yake. Akamenya kimoja, akala akiwa amesimama. Akamenya cha pili bila kuniangalia.

"Lete hayo makreti," akasema.

Nyuma yangu alikuwa mama mmoja wa Kongo, amebeba unga wa muhogo.

"Mama, na matembele yake iko wapi?"

Alimaanisha majani ya viazi, ambayo kwao ni mboga.

"Niliyaacha shambani. Yameungua na baridi."

"Uliacha chakula!" akasema kwa sauti, duka zima likageuka.

"Basi mwaka ujao njoo uyachume mwenyewe."

Alikuja, na hajaacha kuja. Mimi na mume wangu tumekodi sehemu kubwa zaidi. Kiangazi anachuma majani na kuyauza kwa wenzake, huku akinifokea kwamba nimebananisha miche. Namwambia matuta ni yangu, nitapanda nitakavyo.