Vinyonga wa Mama

Nilipokuwa sijafikia hata kimo cha komeo la mlango wa nyumba yetu, mtaa wa Kiponda, Unguja, katika miaka ya hamsini, nyumbani tulifuga vinyonga wawili. Watu hufuga njiwa, hufuga paka, na jirani mmoja alikuwa na kasuku aliyejua kutukana. Sisi tulifuga vinyonga, na mtaa mzima ulituona tumepungukiwa akili.

Walikuja bila kualikwa. Mjomba alituletea kapu la matunda ya shokishoki kutoka shambani kwake Bububu, na humo, baina ya majani, tukawakuta wameng'ang'ania kijiti kimoja. Baba alitaka kuwatupa nje. Mama akasema, "Waache, jamani, wamechoka na safari." Tukawaweka kwenye mkomamanga uliopandwa ndani ya pipa uani, na kazi ya kuwalisha ikawa yangu. Kinyonga hali mdudu mfu, kwa hiyo nilikamata nzi wazima pale tulipooshea samaki. Maji nayo hanywi chomboni. Ilinibidi niyanyunyize kwenye majani ayalambe matone. Nilijiona mtu mwenye shughuli kubwa.

Kisha Mama akawa mja mzito. Baada yangu alikuwa amezaa watoto wawili, na wote hawakufika siku arubaini. Safari hii mkunga alimwamuru alale tu, asinyanyue hata ndoo, na kitanda chake kikasogezwa dirishani panapoonekana uani. Siku ni ndefu kwa mtu aliyelala na hofu yake. Vinyonga wakawa ndio mazungumzo yake. Akiuona ule ulimi ukichomoka kumdaka nzi alicheka peke yake, na kicheko hicho ndicho kilichomtisha Bibi, mama yake Baba, tuliyekuwa tukiishi naye.

"Usimtazame kinyonga nawe una mtoto tumboni," alimwambia. "Ukimstaajabia tu, mtoto anachukua. Nshaona kwa macho yangu."

"Namtazama anavyokula tu, Mama."

"Basi tema mate kifuani."

Mama akatema mate kifuani, kama wafanyavyo wanawake kujikinga, na kesho yake akatazama tena. Bibi hakusema mara ya pili. Aliwatia vinyonga kapuni akamkabidhi Baba awarudishe shamba. Mimi nililia mpaka nikapata homa. Mama aligeukia ukutani tu.

Nassor alizaliwa, akaishi, na arubaini yake ikapita salama. Sijapata kuiona nyumba yetu na furaha kama ile. Lakini alipoanza kukaa kitako tuliona sote: jicho moja lilikutazama wewe, la pili lilitazama jikoni. Hakuna aliyethubutu kulitamka lile neno. Nilimsubiri Bibi aseme, "Si niliwaambia?" Maana haki hiyo alikuwa nayo. Hakusema.

Aliyesema ni jirani, Bi Mwanaisha, alipokuja kuazima kinu. Alimwinamia mtoto, akamgeuza uso huku na huku.

"Masikini! Macho haya si ya wale vinyonga wenu?"

Mama alimfunika mtoto kwa kanga haraka. Uso wake siusahau. Ulikuwa uso wa mtu aliyekamatwa. Bibi alikuwa anachambua mchele, wala hakuinua kichwa.

"Vinyonga gani?" aliuliza.

"Wale wa kwenye mkomamanga, Bi Sheha. Si mtaa mzima tuliwaona?"

"Wallahi," alisema Bibi, "nyumba hii haijapata kuingia kinyonga."

Bi Mwanaisha alinitazama mimi, niliyewalisha kwa mikono yangu. Bibi naye akanitazama. Nikanyamaza kimya. Jirani aliondoka, na kinu akakisahau.

Kesho yake asubuhi Bibi hakunywa chai, wala siku mbili zilizofuata.

"Bibi, mbona hunywi chai? Ramadhani bado."

"Nafunga kafara ya kiapo, mjukuu wangu. Nenda kacheze."

Sikuelewa. Nilielewa nikiwa mtu mzima, darasani msikitini, tuliposomeshwa kwamba aliyeapa kwa jina la Mungu na hali anajua anasema uongo hana budi kutoa kafara, na asiye na uwezo wa kulisha masikini hufunga siku tatu.

Madaktari wameshanieleza habari za makengeza, nami nawasadiki. Lakini wakati mwingine watu husema Bibi bila shaka aliacha imani zake za kale, na hapo huwa nakataa. Hakuziacha. Mpaka anakufa, akimwona kinyonga alivuka upande wa pili wa njia. Kwa hesabu yake yeye, onyo lake lilikuwa limetimia mbele ya macho ya watu, na angeweza kuringa nalo maisha yake yote. Akaona bora aape uongo, kisha akae na njaa.

Nassor sasa ana wajukuu, na hajatokea mtu hata mmoja aliyemwita kinyonga.