Masale ya Mwana

Kichagga changu ni cha salamu na chakula. Najua shimboni, najua mtori na kitawa, na zaidi ya hapo nategemea kutabasamu. Nimezaliwa na kukulia Moshi mjini. Mama yangu ni wa huku juu, Old Moshi, na miaka yote nimekuwa nikipanda mlimani kwa Krismasi na kwa misiba, nikiitikia "ee" kwa kila ninaloambiwa. Mtu akicheka, nacheka. Akitikisa kichwa kwa huzuni, nami natikisa. Nilidhani ni adabu. Sasa najua ni uongo, na aliyeulipia hakuwa mimi.

Sisi tuliosoma pamoja shule ya msingi tuna kikundi chetu kwenye simu. Kwa muda mrefu kilikuwa cha salamu za asubuhi na taarifa za misiba, mpaka mmoja wetu akasema tumeshakuwa watu wazima, turudishe kitu kwa jamii. Neno hilo, kurudisha, lilitupendeza sana. Hakuna aliyeuliza tulichukua nini. Nikajitokeza mimi kwamba ninaye wa kumsaidia: bibi mmoja jirani wa kwao mama, mjane, watoto wake wako mbali, nyumba imechakaa. Nilisema namfahamu vizuri. Ukweli nilikuwa nimemwamkia mara tatu au nne maishani mwangu.

Tukashonesha fulana za kijani. Jumamosi asubuhi tukapanda na magari mawili, na rangi, na mabati ya jikoni, na kokoto, na mchele wa Mabogini, na mapanga. Bibi alitupokea mlangoni ameshika pindo la khanga. Tukamwamkia kwa pamoja, shikamoo bibi, kama darasa. Yeye akaitikia marahaba ya kila mmoja peke yake, akitushika mikono, mpaka akatumaliza watu kumi na mmoja.

Kazi tuliifanya, hilo silikatai. Jiko liliezekwa upya. Kuta zilipigwa rangi. Kaburi la mzee wake nyuma ya nyumba, lenye vigae, lilisuguliwa kwa sabuni na mwenzetu ambaye kwake sijawahi kumwona akiosha hata kikombe. Mimi nilijichagulia uwanja. Palikuwa na tope kutoka mlangoni hadi jikoni, na kando ya njia, karibu na mbuni mmoja wa kahawa, kulikuwa na kichaka cha masale kinachonifikia kifuani. Masale kila mtu wa mlimani anayajua, ile mimea ya majani marefu membamba inayooteshwa mipakani mwa vihamba, yale mashamba ya ukoo. Nikatazama, nikaona hapa si mpakani. Nikaamua yamejiotea tu. Nikashika panga.

Bibi akaja hadi karibu yangu, akaniambia kitu. Kiswahili anakijua, lakini akiwa na jambo zito hurudi kwenye Kichagga. Nilisikia maneno mawili tu, mwana na masale. Nikajitafsiria mwenyewe: mwanangu, nitolee hayo masale. Nilifurahi kuitwa mwana.

"Ee bibi, usijali," nikamwambia. "Nayatoa yote."

Akasema tena, polepole zaidi, maneno yale yale. Nikamjibu kwa sauti kubwa zaidi, kana kwamba tatizo ni masikio yake. Akazunguka nyuma ya nyumba, na mimi nikadhani amekwenda kututafutia ndizi.

Nikakata, nikang'oa mashina, nikasawazisha udongo, tukamwaga kokoto juu. Picha tulikuwa tumepiga kabla ya kuanza, na tulipomaliza tukapiga nyingine. Bibi alikaa katikati yetu, mfuko wa mchele umewekwa miguuni pake. Mpiga picha akamwambia, "Bibi, cheka kidogo." Akacheka kidogo. Wakati wa kuondoka alitupa mkungu wa ndizi, na mimi ndiye niliyeubeba hadi kwenye gari, nikijiona mtu mwema kabisa.

Siku chache baadaye nilimwonyesha mama zile picha, nyumbani kwake mjini. Alizitazama moja moja, akasifu mabati, akasifu rangi. Kwenye ya mwisho akaweka kidole juu ya kokoto.

"Hapa njiani palikuwa na masale," akasema.

"Nimeyakata mimi," nikajibu, na Mungu anisamehe, nilijibu kwa kujisifu. "Mwenyewe aliniomba. Akaniita mwana."

Mama akaiweka simu mezani. "Hakukuita wewe. Yale ni masale ya mwana. Mtoto wake wa kwanza amelala pale. Alikufa hajabatizwa, hawakumwekea msalaba wala saruji. Alama yake ilikuwa ni masale tu."

Niliona aibu mpaka masikio yakapata moto. Nilitaka kuuliza kwa nini bibi hakunishika mkono, kwa nini hakupiga kelele. Swali hilo nililimeza, maana jibu nilikuwa nalo. Sisi tulikuwa kumi na mmoja, tumevaa fulana, na mchele ulikuwa umeshashushwa. Yeye alikuwa peke yake. Na tena alisema. Alisema mara mbili.

La kufanya nililijua hata mimi. Kwa Wachagga, ukimkosea mtu unamwendea na jani la sale, na aliyeletewa sale hakatai kusamehe. Kesho yake nikapanda peke yangu, bila fulana. Jani niliomba kwenye uzio wa jirani, kwa sababu kwa bibi mwenyewe sikuacha hata moja. Jirani akalikata, akalipiga fundo, akanipa bila kuuliza ni la nini. Nadhani kijiji kizima kilikuwa kinajua.

Bibi alikuwa jikoni, chini ya mabati yetu mapya, akimenya ndizi. Nikapiga magoti, nikamnyooshea jani kwa mikono miwili.

"Shikamoo bibi. Nimekukosea. Sikuelewa ulichoniambia, nikajifanya nimeelewa."

Alilipokea upesi, na upesi ule ndio ulioniumiza. Nikaona kwamba nimemletea tena kitu asichoweza kukikataa, kama ule mchele.

"Yameisha, baba," akasema, kwa Kiswahili, akinichagulia maneno mepesi. Kisha akaligeuza lile jani mkononi. "Lakini jani halioti. Ungeleta shina."

Nikarudi kwa jirani, nikaja na shina. Tukasimama njiani, mimi na jembe, yeye na fimbo. Akahesabu hatua tatu kutoka kwenye mbuni, akasimama. Akarudi nyuma. Akajaribu upande wa pili. Kokoto zilikuwa sawa kila mahali. Kazi yangu ilikuwa safi kweli.

"Nilikuwa nayaona tu kila siku," akasema. "Sikuwahi kupima." Halafu akanieleza kinachomnyima usingizi. Watoto wake ameshawaambia kwamba siku yake ikifika wamlaze pale, kando ya mwana. Sasa atawaonyesha wapi?

Nikakumbuka picha ya kabla ya kazi, iliyopigwa kutoka mlangoni. Nikatoa simu kwa pupa, nikaikuza. Jiko la zamani lipo. Mbuni upo. Na mahali pa masale nimesimama mimi, panga juu, fulana imenibana tumbo, meno yote nje. Nilikuwa nimeyaziba yote, halionekani hata jani.

Nikampa simu. Aliisogeza karibu na macho. Nilingoja anitukane, ningepata nafuu.

"Huyu ni wewe," akasema.

"Ni mimi, bibi."

"Basi nenda ukasimame tena hivyo hivyo."

Akarudi mlangoni na simu yangu. Nikasimama kwenye kokoto, naye akanielekeza kwa fimbo, kulia, nyuma kidogo, hapana, rudi. Anatazama simu, ananitazama mimi. Akaniambia ninyanyue mkono kama kwenye picha, nikanyanyua. Wanawake wawili waliokuwa wakienda sokoni walipita, wakamsalimia, akaitikia na kuwauliza habari za nyumbani, na muda wote huo mimi nimesimama mkono juu.

"Hapo," akasema mwishowe. "Nyuma yako."

Nikageuka, nikaondoa kokoto kwa mikono, nikachimba kidogo tu, kwa woga, nikaotesha shina. Sijui kama alikuwa na uhakika au alikuwa amechoka kusimama. Sikuthubutu kumuuliza. Alikuja akalitazama, akasema neno moja kwa Kichagga. Kichwa changu kilikuwa kimeshaanza kuitikia.

"Bibi, sijaelewa," nikasema.

Akalirudia kwa Kiswahili. Maji. Nikachukua ndoo, nikaenda kuchota.