Mtu Aliyeitika Jina Langu Kwenye Mtihani wa Udereva

Iko siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka hata sasa chai hunipoa mkononi. Jana nilikusikia ukimwambia mwenzako kwamba umepata mtu wa kukufanyia mtihani wa udereva, wewe ungoje leseni tu. Nilinyamaza. Muulize yeyote hapa Mikinduri, atakwambia mzee huyu hajanyamaza tangu azaliwe. Kwa hiyo ujue neno lako lilinishika pabaya.

Huko duniani vijana wanaitolea jasho kadi hiyo. Binamu yako Makena, yule wa Ujerumani, alifundishwa kwanza kumfunga bandeji majeruhi, kisha akapelekwa kuendesha kwenye barabara ambako magari yanaruka kama ndege. Mtoto wa rafiki yangu yuko Uingereza. Ameanguka mara tatu, na kila akianguka anampigia mama yake simu akilia hadi Kanyakine yote inasikia. Kule Amerika mtoto wa miaka kumi na sita anashika usukani, lakini mzazi ameketi kando yake, macho amefumba, anasali. Na sisi hapa tuna ile meza. Umeiona: mji mdogo uliochorwa juu ya mbao, una barabara, mzunguko na daraja, na kigari cha kuchezea unachokisukuma kwa kidole huku ukimweleza mkaguzi unaenda wapi.

Enzi zangu nilikuwa nimemaliza ngumbaru, masomo ya jioni ya watu wazima. Nilisoma kila kibao cha barabarani hadi nikajiona nimesoma kuliko maaskofu watatu. Mwalimu wetu wa udereva mjini Meru alikuwa mzee mpole, M'Ikiara, aliyepanga chumba Majengo nyuma ya bucha. Alitusukumisha kigari kile wiki mbili nzima kabla ya kutugusisha gari lenyewe.

"Mwalimu," nikamwambia, "mimi ni mtu mzima na ndevu zangu. Nicheze na vigari mpaka lini?"

"Kaa chini, Mutwiri. Hapa mezani ukigonga mtu tunacheka, tunaanza upya. Yamalizie hapa makosa yako."

Sikukaa. Nilimwendea bwana mmoja wa stendi aliyejulikana kwa kutafuta watu wa kuingia mtihani kwa majina ya wengine. Tukaelewana.

Siku ya mtihani nikaenda kuchungulia dirishani, nimwone huyo mtu wangu. Mkaguzi akaita, "Mutwiri wa M'Arimi!"

Kwenye benchi la nyuma mtu akasimama. "Niko."

Mwanangu, mimi huongeza chumvi, hilo nakubali. Hapa sijaongeza hata punje. Sauti ile ilikuwa yangu. Koti lake lilikuwa la kijivu, lenye kiraka cha buluu mgongoni, sawasawa na koti nililokuwa nimevaa. Kiraka hicho alinishonea dada yangu Kawira kwa kipande cha shuka yake. Yule mtu alikisukuma kigari polepole, akasimama pa kusimama, akavuka daraja, akafika. Kisha akageukia dirisha. Kioo kilikuwa na vumbi, uso sikuuona. Niliona tu akitikisa kichwa, taratibu, kama mtu anayetoka kuangalia maiti.

Nikaenda stendi kumshukuru yule bwana. Akaninyooshea mikono yote miwili.

"Nisamehe, ndugu yangu. Mtu wangu alishikwa na malaria tangu juzi, yuko kwao Mbeere. Nilifikiri umeingia mwenyewe."

"Mimi nilikuwa nje, dirishani."

"Basi nani aliitika?"

Nilicheka. Yeye hakucheka. Leseni ikatoka, nikaitia mfukoni, na koti lile nikalitundika ukutani nyumbani. Sikulivaa tena.

Ikafika mwezi wa saba, ule wa baridi na ukungu. Asubuhi moja Kawira akashikwa na uchungu wa kuzaa, wiki tatu kabla ya siku zake. Tulikuwa tunakaa juu kule, zaidi ya Kanyakine, kwenye mashamba ya chai. Jirani alikuwa na pikapu ya kubebea majani chai, lakini dereva wake alikuwa amesafiri. Watu wakatazamana. Ndipo mama akasema, kwa fahari kabisa, "Kwani Mutwiri wangu si ana leseni?"

Hapo ndipo ningesema. Neno moja tu: sijui. Wangemtafuta mwingine, au wangembeba Kawira kwa machela hadi barabarani. Nikatazama nyuso zile zote zikinitazama. Nikasema, "Lete ufunguo."

Tulikaa watatu mbele, Kawira katikati, mama mlangoni. Kuwasha gari na kutia gia nilijua kwa kuwatazama wengine tu. Ukungu ulikuwa mzito, ungeukata kwa panga ukajaza magunia. Tulipoanza kuteremka nikakumbuka madereva wa stendi wakijisifu kwamba mteremkoni wanaweka gia huru, gari lijiteremkie lenyewe, ili kubana petroli. Na mimi nikaweka.

"Mutwiri, punguza," Kawira akasema.

"Napunguza."

"Hupunguzi!"

Nilikanyaga breki hadi harufu ya kuungua ikajaa ndani. Kisha pedali ikazama, ikagusa chini kama inaingia kwenye matope. Gia ikakataa kuingia. Mama akaanza kumwita Mungu kwa Kimeru. Niliijua miteremko ile kwa miguu, nilijua chini kuna kona na baada ya kona kuna daraja.

Ndipo nikamwona. Alikuwa anatembea katikati ya barabara, ametupa mgongo, hana haraka. Koti la kijivu. Kiraka cha buluu.

Nilizungusha usukani wote. Pikapu ikapanda ukingo, ikalala ndani ya michai ikivunja matawi, ikasimama.

Wachuma chai walitoka ukunguni mmoja mmoja, vikapu mgongoni. Kwa bahati mmoja wao, mama mtu mzima, alikuwa amezalisha wanawake wengi pale kijijini. Walimshusha Kawira, wakatandika mifuko ya majani. Mguu wake ulikuwa umevunjika chini ya goti, na bado alisukuma. Mtoto akalia. Nami nikakaa chini nikalia kumzidi mtoto.

Kijana mmoja alishuka hadi kwenye kona, akarudi akikimbia. Lori lilikuwa limekwama limeziba daraja lote, watu wake wameinama chini yake wanahangaika nalo.

"Ulikuwa unamkwepa nani?" mama akaniuliza. "Barabara ilikuwa tupu."

Kawira akafungua macho. "Mama, kwani hukumwona yule aliyevaa koti la Mutwiri?"

Kawira bado anachechemea. Hajawahi kunilaumu, na hilo ndilo linaloniuma.

Nilimrudia M'Ikiara, nikamweleza yote. Hakunigombeza. Alifuta vumbi mezani, akanipa kigari, akasema, "Anzia kwenu, uteremke tena." Leseni ile niliichoma jikoni mwake. Miezi minne nilikuwa mezani, kisha nikaingia mtihani kwa miguu yangu mwenyewe.

Yule alikuwa nani, sijui, na sikuombi uniamini. Ninachokuomba ni hiki. Mpigie mtu wako simu leo umwambie basi. Jisajili, kaa mezani na kigari, anguka mara nne kama itabidi, watu wacheke. Maana kadi hiyo, ukishakuwa nayo, ipo siku mama yako ataitaja mbele ya watu akiwa na mgonjwa mikononi, na wewe utapewa ufunguo. Na kama siku hiyo hujui kuendesha, sema hujui, hata kama kijiji kizima kinakutazama.

Mungu akuongoze kwenye kila mteremko. Breki zako zishike, mikono yako itulie, na kila utakayempakia ashuke kwa miguu yake miwili mizima.