Kilomita za Wilbrod

Hafidhi alikuwa na miaka hamsini na minne, na katika maisha yake yote hapakuwa na kitu kilichoweza kumweka kitako isipokuwa meza moja. Kwao Jibondo, kisiwa kidogo cha Mafia, baba yake na baba zake wadogo walikuwa mafundi wa mashua, na yeye alishika tezo kabla hajashika kalamu. Lakini wenzake walipokaa kutwa nzima wakilainisha ubao mmoja, yeye alikuwa ameshainuka mara kumi: mara anataka maji, mara anakwenda kutazama nani kapita.

"Mtoto huyu ana siafu miguuni," alikuwa akisema baba yake.

Alivuka akaenda Dar es Salaam, akauza viatu, akabeba mizigo, akawa utingo wa lori. Hakuna kazi iliyomfikisha mwaka. Mpaka siku moja, akikata vichochoro vya Kariakoo, akamkuta fundi mmoja amefungua saa ya spidi ya pikipiki ya zamani, zile zinazokaa mbele ya usukani zikimwonyesha dereva mwendo wake na kilomita alizokwisha tembea. Ndani mlikuwa na vitu vidogo kama mbegu za pilipili. Hafidhi akasimama kutazama. Alipokuja kushtuka, adhana ya alasiri ilikuwa inaadhiniwa, na yeye alikuwa amesimama pale tangu adhuhuri. Alikaa na fundi yule miaka saba.

Aliporudi Mafia na mkewe Warda na binti yao Sabra, alipanga nyumba Kilindoni, akaweka meza karibu na dirisha la mashariki, na hapo akaanza kazi ambayo majirani mpaka leo hawajaielewa. Watu wa Dar, Morogoro na Arusha wanaopenda pikipiki kuukuu humtumia saa zao kwa boti ya Nyamisati, zimefungwa kwenye vipande vya kanga. Nyingine zimeoza, nyingine zina utando wa buibui ndani. Yeye huinua ringi ya bati iliyoshika kioo, kidogo kidogo kwa ncha ya bisibisi, kuizunguka yote, maana ukiwa na pupa inapasuka. Huung'oa mshale kwa vijiko viwili vya chai. Husafisha, hutia mafuta, huandika upya tarakimu kwa brashi yenye nywele tatu. Akiwa pale, Warda anaweza kumwita chakula mpaka wali ukapoa. Akiinuka tu, wasiwasi wake unamrudia, naye huanza kuzunguka ua kama aliyepotelewa na ufunguo.

Basi mwezi wa pili mwaka huu akaja Tekla, muuguzi ambaye nusu ya watoto wa mtaa ule wamepita mikononi mwake. Wazazi wake walitoka Sumbawanga. Baba yake, Bwana Wilbrod, aliletwa Mafia mwaka themanini kuwa bwana mifugo, akapewa pikipiki, na kwa pikipiki hiyo akachanja kuku na kutibu mbuzi kutoka Kilindoni hadi Bweni, kaskazini mwa kisiwa, kwa miaka ishirini na kitu. Alipostaafu aliinunua. Alipofariki, ikabaki imeegemea ukuta chini ya upenu, jua la asubuhi likiipiga usoni. Sasa Tekla alikuwa ameifufua: injini imetengenezwa, matairi mapya, tangi limepakwa rangi. Ilibaki saa.

"Fundi," alisema Tekla, akiiweka mezani, "rangi, kioo, mshale, fanya utakavyo. Lakini namba za kilomita usizisogeze. Hapo ndipo baba alipofika."

"Ni ngapi, sista?"

"Nilikuwa nikizijua. Sasa kioo kimeingia ukungu miaka mingi, hazisomeki. Ndiyo maana nataka nizione tena."

"Usiwe na shaka," alisema Hafidhi.

Desturi yake ilikuwa kupiga picha kila kitu kwa simu kabla ya kugusa. Jumanne asubuhi aliinua ringi, akatoa kioo, na chini yake akaona kidirisha cha namba kimefunikwa na vumbi la rangi ya kahawia. Akanyoosha mkono kuchukua simu. Simu ikaita. Alikuwa mteja wa Morogoro, anauliza yake itakwisha lini, anauliza tena na tena kama mtoto. Hafidhi huku anajibu, huku kidole gumba, kwa mazoea tu, kikapita juu ya kidirisha kufuta vumbi.

Vile vimeno vidogo vya plastiki vinavyoshika vigurudumu vya namba vilikuwa vimeoza. Vigurudumu vyote vitano vikazunguka chini ya kidole chake, laini, kama shanga kwenye uzi. Aliwahi kuona tarakimu moja ya mwanzo, nne. Nyingine zikapita.

Alikata simu bila kuaga.

Siku ile hakurudi mezani. Alikwenda sokoni akarudi mikono mitupu. Alikwenda msikitini mapema, akawa wa kwanza kutoka. Warda alikuwa akichambua mchele barazani, akamwona anaingia na kutoka, anaingia na kutoka.

"Baba Sabra, una nini leo? Unahangaika kama kuku anayetaka kutaga."

"Sina kitu."

"Basi kaa na hicho usicho nacho, unanitia kizunguzungu."

Jioni Tekla akatuma ujumbe: Fundi, vipi saa ya mzee? Hafidhi akaandika, akafuta, akaandika tena: Inaendelea vizuri sista. Alipoutuma tu, mwili mzima ukamwasha.

Alhamisi alikodi bodaboda mpaka Bweni, mwendo wa mchanga na mashimo, kwa sababu alikumbuka kusikia kwamba msaidizi wa Bwana Wilbrod, mzee Kombo, yu hai na anaishi huko. Alimkuta anafua nazi kwenye kifuo, kifua wazi, makumbi yamemzunguka hadi magotini.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Umefuata nazi?"

"Hapana mzee. Nimekuja kuulizia pikipiki ya marehemu Bwana Wilbrod."

"Inauzwa?"

"Haiuzwi."

"Sasa unaulizia nini?" Akapigilia nazi nyingine.

Hafidhi akamweleza kwamba anatafuta namba ya mwisho ya kilomita, na kwamba huenda ofisini kulikuwa na daftari la safari. Mzee Kombo akacheka.

"Daftari lilikuwepo, tena mwandishi nilikuwa mimi. Lakini stoo ilivuja, mchwa wakamalizia. Na yeye alipostaafu mimi nilikwisha rudi huku zamani. Namba ya mwisho nitaijulia wapi? Mimi hata umri wangu naambiwa na watoto." Akaipasua nazi, akampa maji yake. "Ila nikwambie. Kila pikipiki ilipotimiza kilomita elfu, popote tulipo, hata mvuani, Bwana Wilbrod alizima injini. Tunashuka. Ananipa mkono. 'Hongera, Kombo.' Kana kwamba tumezaa. Kisha tunapanda tunakwenda."

Hafidhi alirudi na maji ya nazi tumboni na mgongo unaouma, na namba hana.

Kesho yake aliamua kukaa mezani kwa nguvu. Jua lilikuwa linaingia dirishani moja kwa moja. Akavaa miwani yake ya kukuzia, akavigeuza vigurudumu kimoja kimoja kwa kibanio, bila kujua anatafuta nini. Kwenye kigurudumu cha kwanza, tarakimu zote zilikuwa nyeupe isipokuwa nne. Nne ilikuwa imepiga umanjano, rangi ya jino la mvutaji. Akakigeuza tena. Kisha akainuka, akazunguka ua mara mbili, akarudi mbio.

Ilikuwa ni lile jua la upenuni. Tarakimu zilizokuwa zinatazama nje kwenye kidirisha zilichomwa miaka yote pikipiki ilipoegemea ukuta, nyingine zilikuwa zimejificha ndani. Cha pili: saba. Cha tatu: tatu. Cha nne: sifuri. Hafidhi akamwita Warda kwa sauti mpaka Warda akaja na mwiko mkononi akidhani kuna nyoka.

Lakini cha tano kilimgomea. Sita ilikuwa na umanjano, na saba ilikuwa na umanjano. Alikitazama asubuhi, akakitazama mchana. Sita, au saba?

"Kilomita moja tu," alisema Warda. "Kutoka hapa hata kiwanja cha ndege hufiki. Weka mojawapo, mpe mwenyewe, upumzike, na sisi tupumzike."

Akaweka saba. Akatengeneza vimeno vipya, akapaka uso wa saa rangi nyeusi, akaandika tarakimu za mwendo, akarudisha mshale, akafunga kioo kipya, akaikunja ringi ikalala bila mkunjo. Ilikuwa kazi nzuri kuliko zote alizofanya mwaka ule, naye hakuweza kuitazama.

Jumapili, Tekla alipotoka kanisani, Hafidhi alimpelekea nyumbani. Tekla aliifungua kanga, akaiinua saa kwa mikono miwili. Kisha akasoma polepole, kidole kikifuata kioo.

"Arobaini na saba elfu, mia tatu na saba. Ah, baba." Akageukia ukuta kidogo. "Ahsante sana, kaka Hafidhi."

Hafidhi akasema si kitu, akaaga, akatoka. Alifika kwenye ua wa makuti. Alitia mguu mmoja barabarani. Akarudi.

"Sista, hiyo saba siyo ya baba yako. Ni yangu."

Alimweleza yote akiwa amesimama: simu, kidole gumba, ule ujumbe wa uongo, Bweni, umanjano wa jua. Tekla alisikiliza, na uso wake ukafunga kama duka.

"Nilikuomba kitu kimoja," alisema.

"Ndiyo."

"Kimoja, kaka. Vingine vyote nilikwambia fanya utakavyo."

"Najua, sista."

 Hafidhi hakujua aweke wapi mikono. Ili aseme kitu, akamsimulia habari ya kila kilomita elfu, injini inavyozimwa mvuani, na "Hongera, Kombo." Tekla alikuwa hajapata kuisikia. Akauliza, "Mvuani?" Kisha akacheka, cheko lililokatika katikati, akapangusa macho kwa ncha ya kitenge.

"Fungua," alisema. "Nionyeshe hiyo namba."

"Ringi inaweza kupasuka nikiikunjua tena."

"Ipasuke."

Akaifungulia palepale kwenye meza ya chakula, kwa bisibisi ya Tekla iliyokuwa butu, jasho likimdondoka. Ringi ikapasuka mahali pamoja. Akakitoa kigurudumu cha tano, akakiweka kwenye kiganja cha Tekla na kumpa miwani. Tekla alipeleka kiganja mlangoni kwenye mwanga. Alikuwa mtu aliyezoea kusoma mistari midogo ya bomba la sindano, na hakuchukua muda.

"Kaka, sita imeungua nusu ya chini. Saba imeungua nusu ya juu."

"Ndiyo, ndiyo maana sijui ni ipi."

"Kwa nini iwe moja? Dawa ikisimama katikati ya mistari, tunasema iko katikati. Haikufika saba. Ilikuwa inakwenda."

 Mamia ya saa yalikuwa yamepita mikononi mwa Hafidhi, na kigurudumu cha mwisho mara nyingi husimama hivyo, kipande cha tarakimu kinatoka na kipande kinaingia. Kitoto chochote kinachopanda pikipiki kimekiona. Yeye tangu Ijumaa alikuwa anachagua upande. Akakaa chini kwenye sakafu, akajishika kichwa, na cheko likamtoka asilolitaka, na Tekla naye akacheka, ingawa bado alikuwa na hasira na alimwambia hivyo.

Hafidhi alitengeneza ringi mpya kwa bati la saa iliyokufa, na kigurudumu cha tano akakisimamisha katikati ya sita na saba. Siku tatu alikaa mezani bila kuinuka, na Warda alipomwita chakula hakusikia.

Jumamosi waliifunga saa kwenye pikipiki, mbele ya nyumba ya Hafidhi. Ilibaki kebo, ule waya unaopanda kutoka kwenye gurudumu la mbele na kuizungusha saa. Hafidhi aliushika mkononi akasita.

"Nikiunga, sista, namba itasogea. Nisipounga, itakaa hapo siku zote, lakini mshale hautacheza."

 Tekla alitoa simu, akapiga picha ya saa mara tatu, akahakikisha zimetoka vizuri.

"Unga," alisema.

"Una hakika?"

"Sina. Unga kabla sijabadili mawazo."

Akaunga. Tekla akakaza kilemba, akapiga kiki, injini ikakohoa kisha ikashika. Hafidhi alikuwa anazunguka pikipiki, anainama, anainuka, hawezi kutulia.

"Panda naye basi uone kazi yako!" Warda alimpigia kelele kutoka barazani. "Utajivunja shingo hapo chini."

Akapanda. Watoto wa mtaa walishangilia kumwona fundi mzima amebebwa na nesi. Walishika barabara ya kiwanja cha ndege, Hafidhi amenyoosha shingo juu ya bega la Tekla kama bata. Mshale ulitetemeka, ukalala, kisha ukapanda: ishirini, thelathini, ukatulia kwenye arobaini kama ulivyotakiwa.

"Inasoma!" alipiga kelele masikioni mwa Tekla.

"Naiona! Usinizibe masikio!"

Chini ya mshale, saba ilikuwa inapanda polepole ndani ya kidirisha, na sita inapotea juu. Hafidhi aliona mabega ya Tekla yanakakamaa, akadhani atashika breki, hata akajiandaa. Tekla hakushika. Saba ikakaa sawasawa, kisha nayo ikaanza kutoka, na Tekla akaongeza mafuta.