Waliniombea Nikifanya Mazoezi

Duka langu hapa Eldoret nimelijenga na hii mikono, na kanisani niliwacheka wanawake wa mazoezi: "Hao hawana kazi!" Lakini kukaa kwa kaunta kumeninenepesha hadi ngazi zinanishinda. Nikapunguza chapati, nikaanza mazoezi ya kufuata video kwa simu, sebuleni, kwa siri.

Juzi nimelala chali nikiinua mguu, nikihema kama ng'ombe wa jembe, akina mama wa kanisa wakaingia.

"Uuwi! Mama Njeri ameanguka!"

Nikafunga macho. Heri wadhani ninakufa kuliko wajue. Wakaniombea, wakalia, wakaninyanyua wanipeleke hospitali. Kufika mlangoni, uvumilivu ukaniisha.

"Niwekeni chini! Haya ni mazoezi, na bado mguu wa kushoto!"