Mignonne na Breki ya Bure

Mignonne Mbayo alijifunza kuendesha gari kubwa kwenye barabara ya Sandoa, ndani ya kamio, lori la mjomba wake lililoleta mihogo Kolwezi. Mjomba aliugua macho. Mwanzoni msichana alimwangalizia mashimo tu, mwisho akaachiwa usukani. Mgodi mmoja wa shaba ulipotafuta madereva wa benne, yale magari ya mawe yenye magurudumu marefu kupita mtu, alienda kujaribiwa. Wanaume walicheka, lakini kazi aliipata.

Alikuwa ameizoea kazi hiyo wakati rafiki yake Kalumba, fundi wa umeme, alipokufa. Pikapu ya Kalumba ilisimama nyuma ya benne katikati ya vumbi, na dereva aliyekaa huko juu hakuiona, akarudi nyuma na kuiponda. Kwenye kilio watu walinong'ona kwamba benne za kampuni jirani, ng'ambo ya kilima cha udongo, zina kifaa. Mtu akikaribia, kinalia. Dereva asipoitika, kinafunga breki chenyewe.

Mignonne alimfuata mkubwa wake, Kisimba.

"Tata Kisimba, juu ya nini siye hatuna?"

"Kile kintu kiko na brevet, mama. Bao njo balikivumbua, haki iko yabo. Tukikiiga, banatupeleka ku tribinali."

"Basi bantu bakufe juu ya brevet?"



Mwaka uliofuata kampuni jirani ilitangaza kwamba migodi yote inaruhusiwa kutumia kifaa chake bure, na masanduku ya kwanza itayatoa yenyewe. Injinia wao, Omer, alikuja kuwaeleza madereva. Hakuna aliyepiga makofi.

"Bure ya nini?" alinong'ona Moussa, dereva mzee aliyezeekea kwenye njia ya mpakani Kasumbalesa. "Kitakuwa kinaangalia nani amesinzia, nani amepumzika. Kisha banatufukuza."

Mignonne aliona Moussa anasema kweli. Akasimama.

"Tata Omer, wakati Kalumba alikufa, hiki kintu mulikuwa nacho?"

"Tulikuwa nacho, mama."

"Na haikuwa bure."

"Hapana."

"Sasa nini imebadilika? Usiniambie mapendo."

Omer alivua kofia yake ngumu, akaigeuzageuza mikononi.

"Bakubwa bangu balipenda niseme tunahurumia bantu. Lakini kweli iko hivi. Ku barabara yetu ya pamoja, benne ya kampuni ingine iligonga dereva wetu, akakufa. Mu gari yake kifaa kililia. Mu benne hakikuwamo, haikusikia kitu. Hiki kintu kikiwa ku upande moja tu, hakisaidie."

Jibu hilo Mignonne aliliamini kuliko maneno yote mazuri yaliyotangulia, kwa sababu ndani yake mlikuwa na faida yao wenyewe. Lakini wasiwasi wake haukwisha, ulihamia mahali pengine.

"Na bintu bile kinasikia mu benne zetu, binaenda wapi?"

"Binakuja kwetu. Juu ya matengenezo."

Kelele zilizuka. Moussa alikuwa wa kwanza kutoka nje, wengine wakamfuata, na masanduku yakabaki stoo huku Kisimba akiwabembeleza madereva bila mafanikio. Mwishowe walimchagua Mignonne aende naye kwa jirani. Huko walikaribishwa kwa soda na maneno mengi. Mignonne alisema neno moja tu:

"Brevet mumeachilia, lakini masikio mumebakisha."

Waliondoka, na masanduku yakazidi kukaa stoo. Baadaye kampuni jirani ilikubali: habari zote zibaki kwenye mgodi wa akina Mignonne, na fundi wa mgodi huo, Mwamba, afundishwe kufungua sanduku. Mignonne hakuridhika na ahadi. Alimsimamia Mwamba mpaka alipotoa antena ya kutuma habari. Kifaa kilipofungwa kwenye benne, alipanda, akaisogeza taratibu kuelekea pipa lililosimamishwa njiani mahali pa mtu. Breki zilishika zenyewe. Hapo ndipo madereva walipokubali.

Kiangazi kilipokolea, Mignonne alikuwa akirudi nyuma kwenda kumwaga mawe. Rachelle, anayeongoza benne kwa bendera, aliitwa na dereva mwingine, akavuka upande usio wake, nyuma ya benne. Kifaa kililia. Mignonne alidhani kimeona jiwe tena, maana kilizoea kulia ovyo, na mguu wake haukutoka kwenye pedali ya mafuta. Benne ilisimama yenyewe, ikamtikisa kwenye kiti.

Alishuka ngazi. Rachelle alikuwa amesimama nyuma, kiganja juu ya gurudumu, kana kwamba yeye ndiye aliyelizuia.

"Ulikuwa unaniona, mama?"

"Hapana. Sikukuona."

Waliketi chini kwenye vumbi, wote wawili, mpaka Kisimba alipokuja kuwainua.

Habari zilifika kwa jirani upesi. Omer alirudi akiwa na mpiga picha. Walitaka kumweka Mignonne kwenye bango kubwa la barabara ya uwanja wa ndege, akitabasamu mbele ya benne.

"Bantu bajue kifaa kinaokoa maisha," alisema Omer.

"Bajue kifaa, ao bajue ninyi ni bazuri?"

Omer alicheka kidogo. Mignonne hakucheka.

"Kinaokoa, sibishi. Lakini kitakuwa bure mpaka lini?"

"Ile, mama, bakubwa habakuniambia."

"Basi picha, hapana."

Alipanda kwenye benne yake. Taa ya kifaa ilikuwa ya kijani, njia iko wazi. Hata hivyo alipiga honi, akatazama kioo cha kushoto, akatazama cha kulia, ndipo akaanza kurudi nyuma.