Paskalina na Geti la Mpunga

Mwanamke akisimama mbele ya kijiji kizima akasema "chukueni changu", ama ana wazimu ama ana hakika. Paskalina, mama yake Abel, siku ile hakujua mwenyewe alikuwa na kipi.

Ilikuwa mwaka 1995. Redio ilishatangaza siku nyingi kwamba biashara ni huria, lakini kufika vijiji vya nyuma ya Kharumwa habari hiyo ilikuja kwa mguu. Mvua zilikuwa haba. Katibu Tarafa, Bwana Donatus, mtu mwema tu aliyekosa usingizi kwa hofu ya njaa, akaweka gogo barabarani: mpunga usitoke nje ya tarafa, na sokoni usiuzwe zaidi ya bei aliyoitaja yeye. Sungusungu, walinzi wa kijiji, wakapewa kazi ya kulinda geti hilo, pinde begani.

Basi mpunga ukatoweka! Wala haukuliwa. Paskalina alikuwa akiununua kwa wakulima na kuupeleka machimbo ya dhahabu Geita, kwa hiyo aliijua kila nyumba na kilichomo. Mzee Jilala, jirani yake, alikuwa na magunia thelathini chini ya vitanda, huku akiapa kwamba anashindia michembe, vile viazi vya kukausha. Auze kwa nini, kwa bei ya kumtukana? Sokoni pakabaki mikeka mitupu. Mke wa Katibu Tarafa mwenyewe alirudi nyumbani na kikapu kitupu.

Donatus akaitisha mkutano. "Mpunga uko wapi?" aliuliza.

Paskalina akasimama. "Shikamoo, mheshimiwa."

"Marahaba, Mama Abel."

"Mpunga upo. Umeufukia wewe na gogo lako. Mwaka huu umezuia magunia. Mwakani utazuia nini, nyasi? Maana hapa hakuna atakayelima zaidi ya kinachomtosha kula."

"Nikifungua, wenye malori watasomba wote," Donatus alisema. "Mimi nimezika wadogo zangu wawili kwa njaa, mama. Usinifanyie mzaha."

Paskalina alimhurumia, tena sana. Lakini ulimi ulishaanza safari. "Fungua geti na uiache bei huru kwa siku moja tu, siku ya mnada, soko likiwa kubwa. Jua likifika utosini soko bado tupu, chukua magunia yangu ishirini, ugawe bure."

Lo! Magunia ishirini ndiyo yalikuwa mtaji wake wote tangu afiwe na mumewe. Hakuwa na la ishirini na moja.

Siku ya mnada ikafika, gogo likainuliwa. Zulfikar, mfanyabiashara wa Geita, akaja na lori lake, akaegesha, akangoja. Saa tatu, hakuna mtu. Saa nne, alikuja bibi mmoja, tena anauza kuku. Paskalina akakimbia hadi kwa Jilala akihema.

"Mzee, leta mpunga! Unangoja nini?"

"Mayu, mama yangu, mimi si mtoto," Jilala alisema bila kuinuka kigodani, goti lake bovu amelinyoosha. "Mwaka wa themanini na tatu ulikuwa wapi? Aliyeonekana na mali aliitwa mhujumu uchumi, akapakiwa kwenye gari. Watu walitupa sukari mtoni! Leo Donatus anasema toeni, mimi nitoe? Huo ni mtego."

Paskalina alikasirika, nusura alie. Halafu akaelewa. Gogo unaliinua kwa mikono miwili. Hofu hii ilikuwa na miaka kumi na miwili. Kumwambia mtu asiogope haisaidii. Lazima aone.

Akafunga ng'ombe kwenye mkokoteni, akapakia magunia yake yote, akayashusha katikati ya soko. Kumi akayafungua auze kwa debe pale pale. Kwa yale kumi mengine akamwita Zulfikar, wakaanza kupatana kwa kelele za makusudi.

"Mama Abel, bei hii utanifilisi!"

"Filisika taratibu, Zulfikar, una kitambi cha akiba!"

Watu wakacheka, wakasogea. Magunia yakapanda lorini, lori likaenda getini, hatua chache tu kutoka sokoni. Mkuu wa sungusungu akalisimamisha, akamtazama Katibu Tarafa aliyekuwa amesimama hapo.

"Mama," Donatus alisema, "hayo si uliyaweka rehani?"

"Jua halijafika utosini, mheshimiwa."

Donatus aliyatazama magunia, akatazama mikeka mitupu ya wengine, akafuta jasho. Kisha akapunga mkono: pita. Lori likapita, na hakuna aliyekamatwa.

Hapo sasa! Habari zikakimbia nyumba kwa nyumba. Mkokoteni wa kwanza ulikuwa wa Jilala, anakimbiza ng'ombe kana kwamba hakuwa na goti bovu. Ukaja wa pili, wa tano, zikaja baiskeli zenye magunia, wanawake na madebe kichwani. Hadi adhuhuri, mpunga ulikuwa mwingi hata wauzaji wakaanza kushushiana bei wenyewe, bila kuamriwa na mtu. Malori mengine mawili yakajaa, na bado ukabaki. Mke wa Katibu Tarafa alijaza kikapu, akatuma kiletwe kingine.

Alasiri Donatus alimfuata Paskalina, aliyekuwa akikunja mikeka. "Geti nitaliacha wazi mpaka mnada ujao, tuone," alisema. Halafu akauliza polepole, kama mtu anayeogopa jibu: "Mama Abel, mwakani mtalima?"

"Ungeniuliza asubuhi, mheshimiwa, ningekudanganya," Paskalina alisema. "Sasa hivi nakwambia kweli. Jilala amekwenda kutafuta ng'ombe wa kukodi wa kulimia, anaongeza majaruba mawili ya mpunga. Na mimi nataka lile jaruba la kando ya mto kabla yeye hajaliona."